Mzigo Usioonekana Shingoni: Jinsi Dalili za Koo Zinavyochunguzwa kwa Mwenye Ugonjwa wa Tezi Dundumio

Tura, iliyoko mashariki ya mji wa Tabora kando ya Reli ya Kati, ni mahali palipojulikana sana zamani za misafara. Katika karne ya 19 wapagazi waliotoka Bagamoyo kuelekea Tabora na Ujiji walifika hapo baada ya kuivuka nyika kavu ya Mgunda Mkali, na hapo ndipo ilipoanza nchi ya Unyamwezi. Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyepita njia hiyo mwaka 1857 pamoja na John Speke, aliandika kwamba jina la Tura latokana na neno la Kinyamwezi lenye maana ya kutua mzigo. Mpagazi alibeba kadiri ya frasila 2, yaani zaidi ya kilo 30. Alipofika Tura aliujua mzigo wake ulipo, akajua na namna ya kuutua.

Mgonjwa anayehisi uzito ndani ya shingo hana bahati hiyo. Huhisi kitu kinambana, lakini hakioni, na mara nyingi hata mganga akiishika shingo hapati la kumwambia papo hapo. Jambo hili huwa gumu zaidi iwapo mgonjwa huyo tayari anaishi na ugonjwa wa tezi ya shingoni, kwa maana kila dalili mpya huelekea kutupiwa ugonjwa ule wa zamani.

Na achukuliwe mfano wa mama mkulima wa Tura mwenye umri wa miaka 42. Mama huyu si mtu fulani hasa, bali ni mfano uliotungwa kutokana na mambo ambayo waganga hukutana nayo mara kwa mara. Miaka 3 iliyopita aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa Hashimoto, na tangu hapo humeza kidonge cha levothairoksini kila siku. Alipata nafuu: uchovu ulipungua, ngozi ikalainika, na baridi ya asubuhi ikaacha kumtesa. Lakini kwa muda wa miezi 2 sasa amekuwa akihisi kama tonge limekwama kooni. Shingo ya gauni humbana, na usiku akilala chali hulazimika kuketi. Majirani humwambia kwamba ni tezi ile ile. Mwingine amemshauri aende mjini akakatwe.

Hapa pana makosa mawili yanayoweza kutendeka. La kwanza ni kusema "ni tezi ile ile" na kuacha kutafuta, ilhali huenda kuna ugonjwa mwingine ambao ungetibika kama ungetambuliwa mapema. La pili ni kumfanyia upasuaji mtu ambaye dalili zake hazitoki katika tezi hiyo hata kidogo. Ili kuyaepuka yote mawili yafaa kufahamu tezi yenyewe ilivyo, inavyougua, na hatua ambazo uchunguzi hufuata.

Tezi dundumio na kazi yake

Tezi dundumio iko mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo. Ina pande mbili zilizounganishwa katikati, na umbo lake hulinganishwa na kipepeo aliyetandaza mabawa juu ya bomba la hewa. Kwa mtu mzima uzito wake ni kama gramu 15 hadi 25 tu. Nyuma yake hupita bomba la hewa na umio, yaani njia ya chakula, na ubavuni hupita mishipa mikubwa ya damu pamoja na neva ziendazo kwenye nyuzi za sauti. Kwa hiyo katika eneo lisilozidi kiganja cha mkono, mtu hupumua, humeza, husema na hupeleka damu kichwani. Ndiyo sababu maradhi ya aina mbalimbali huweza kutoa dalili zinazofanana mahali hapo.

Kazi ya tezi hii ni kutengeneza homoni, na iliyo kuu miongoni mwazo ni thairoksini. Homoni hizi huamua kasi ya mwili katika kuunguza chakula na kutoa joto na nguvu. Zikipungua, mtu hupoa na kuwa mzito: huchoka, huona baridi, huvimbiwa, huongezeka uzito, na moyo hupiga polepole. Zikizidi, mambo huwa kinyume: moyo hupiga mbio, mikono hutetemeka, jasho hutoka, na mwili hukonda ingawa mtu anakula vizuri.

Tezi dundumio haifanyi kazi bila ya kusimamiwa. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo iitwayo pituitari, ambayo hutoa homoni ya kuichochea dundumio. Katika maabara homoni hiyo hujulikana kwa herufi TSH. Pituitari ni kama mnyapara wa msafara: wapagazi wakilegea hupaza sauti, na wakienda mbio kupita kiasi hunyamaza. Kwa hiyo TSH ikiwa juu, kwa kawaida maana yake ni kwamba dundumio imelegea. Na ikiwa chini sana, homoni zimezidi.

Neno "tezi" na utata wake

Kabla ya kuendelea yafaa kulitazama neno lenyewe, kwa sababu uchunguzi mwingi hupotoka tangu mwanzo kwa ajili yake. Mgonjwa akifika zahanati na kusema "nina tezi", huenda akawa na maana zaidi ya moja. Huenda ni rovu, yaani kuvimba kwa tezi dundumio. Huenda ni tezi limfu za ubavuni mwa shingo, ambazo huvimba mwili unapopambana na vijidudu. Huenda ni mafindofindo yaliyo ndani ya koo, au matubwitubwi yanayovimbisha tezi za mate chini ya masikio. Hizi zote ni tezi, lakini kila moja ina kazi yake na magonjwa yake.

Ipo njia rahisi ya kuanza kuzitofautisha, nayo haihitaji chombo chochote isipokuwa bilauri ya maji. Tezi dundumio imefungamana na bomba la hewa, na mtu anapomeza, bomba hilo hupanda kisha hushuka. Hivyo uvimbe wa dundumio hupanda na kushuka pamoja na mmezo wa maji. Uvimbe wa tezi limfu kwa kawaida haufanyi hivyo. Aidha, Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha mkono cha kutambua rovu: upande mmoja wa dundumio ukiwa mkubwa kuliko pingili ya mwisho ya kidole gumba cha yule anayepimwa, huhesabiwa kuwa umevimba.

Rovu la ukosefu wa madini joto

Kwa muda mrefu kisa kikubwa cha rovu katika Tanzania kilikuwa upungufu wa iodini, ambayo wananchi wengi huijua kwa jina la madini joto. Dundumio haiwezi kutengeneza thairoksini bila ya iodini. Mtu mzima huhitaji kadiri ya mikrogramu 150 tu kwa siku, na mama mjamzito 250, lakini kiasi hicho kidogo kikikosekana mwaka hadi mwaka, TSH hupanda, na tezi hukua katika jitihada ya kunasa kila chembe ya iodini ipitayo katika damu.

Udongo wa nyanda za juu na wa maeneo mengi ya bara una iodini haba, na mazao yake vivyo hivyo. Hata chumvi haikusaidia. Chumvi ya Uvinza, ambayo tangu zamani za misafara ilichukuliwa mpaka Unyamwezi, na hata ile ya pwani, haitoshi kuleta iodini inayohitajiwa isipokuwa imetiwa kiwandani. Mihogo nayo, isipoandaliwa vizuri, huongeza tatizo, kwa kuwa sumu yake hubadilika mwilini na kuizuia dundumio isinase iodini. Jambo hili lilichunguzwa kwa makini katika kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo. Huko iodini ilikuwa haba kisiwani kote, lakini rovu lilienea zaidi upande wa kaskazini, na watafiti waliihusisha tofauti hiyo na ulaji wa mihogo.

Katika miaka ya 1980 ilikadiriwa kwamba robo ya wananchi wa Tanzania walikuwa na rovu. Vidonge vya mafuta yenye iodini viligawanywa katika wilaya zilizoathirika zaidi, na katika miaka ya 1990 ikawa sharti chumvi ya kuliwa itiwe iodini. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba rovu kwa watoto wa shule lilikuwa limeshuka hadi kadiri ya 7 katika kila 100. Haya ni mafanikio makubwa ya sayansi ya lishe.

Hata hivyo, mafanikio haya yamezaa dhana isiyo sahihi: kwamba kila ugonjwa wa dundumio ni wa ukosefu wa madini joto, na kwamba dawa yake ni kuongeza chumvi. Mwenye ugonjwa wa Hashimoto akijilimbikizia iodini hapati faida. Huenda hata akaidhoofisha tezi yake zaidi. Vilevile katika miaka ya 1990, huko Kivu na nchini Zimbabwe, iodini ilipoongezeka ghafla katika chumvi, baadhi ya watu waliokuwa na rovu la siku nyingi walipatwa na ugonjwa wa homoni kuzidi. Chumvi yenye madini joto ni kinga ya taifa zima na haifai kuachwa, lakini si tiba ya kila uvimbe wa shingo.

Kinga inapoushambulia mwili wake

Mwaka 1912, mwaka ule ule reli kutoka Dar es Salaam ilipofika Tabora, daktari kijana wa Kijapani aitwaye Hakaru Hashimoto alichapisha katika jarida la Kijerumani habari za wanawake 4 waliokuwa na rovu la aina ya pekee. Alipozitazama tezi zao kwa hadubini aliona zimejaa chembechembe nyeupe za damu, zile ambazo kazi yake ni kupambana na maradhi. Chembechembe hizo zilikuwa zikitafuta nini katika tezi isiyokuwa na vijidudu? Jibu lilichelewa kwa zaidi ya miaka 40. Mwaka 1956 watafiti wa London, Ivan Roitt, Deborah Doniach na wenzao, waligundua kwamba damu ya wagonjwa hao ina kingamwili zinazoishambulia dundumio yao wenyewe. Mwaka huo huo, huko Marekani, Noel Rose na Ernest Witebsky walionyesha kwamba sungura aweza kuongozwa mpaka kinga yake ikaishambulia tezi yake.

Hivyo ndivyo ilivyothibitika kwamba mwili waweza kukosea na kujipiga wenyewe. Kwa dundumio kosa hili huwa na sura mbili kubwa. Katika ugonjwa wa Hashimoto tezi huharibiwa polepole na homoni hupungua. Katika ugonjwa wa Graves, unaoitwa kwa jina la daktari wa Dublin aliyeueleza mwaka 1835, kingamwili huichochea tezi kana kwamba ni TSH, na homoni huzidi; baadhi ya wagonjwa macho yao hutokeza nje. Katika mkoa wa Tabora, ambako tumbaku ni zao kuu la biashara, yafaa ikumbukwe kwamba kuvuta sigara huongeza hatari ya ugonjwa wa Graves, na hasa madhara yake kwenye macho.

Magonjwa haya mawili huwapata wanawake mara nyingi zaidi kuliko wanaume, na huandama koo za ukoo mmoja. Si ya kuambukiza, wala hayaletwi na mkosi au hasira ya mtu.

Uchunguzi unavyoanza

Sasa turejee kwa mama wa Tura. Chombo cha kwanza cha uchunguzi ni masikio ya mganga. Mambo ya kuulizwa ni haya: Uvimbe au mbano ulianza lini, nao unakua? Je, mgonjwa hushindwa kumeza ugali lakini maji hupita, au hata maji hayapiti? Je, tonge huonekana kukwama hata pale asipokuwa anakula? Sauti imekwaruza kwa muda gani? Kuna homa za jioni, jasho la usiku, kikohozi, au kukonda? Kuna kiungulia baada ya chakula cha usiku? Anameza dawa gani nyingine, na saa ngapi?

Hatua ya pili ni mkono. Mganga husimama nyuma ya mgonjwa, huishika tezi na kumwambia ameze maji. Hutazama kama ni laini au ngumu, kama ina vinundu, kama inauma, na kama bomba la hewa limesukumwa upande. Kisha hupapasa ubavu wote wa shingo na juu ya mitulinga kutafuta tezi limfu. Huweza pia kumwambia mgonjwa ainue mikono yote miwili juu ya kichwa kwa muda wa dakika moja. Uso ukiiva na kujaa damu, au pumzi ikimbana, yashukiwa kwamba rovu limeshuka nyuma ya mfupa wa kidari na linabana mishipa, hata kama kwa nje halionekani kubwa.

Hatua ya tatu ni damu. Kipimo kikuu ni TSH, pamoja na thairoksini iwapo TSH si ya kawaida. Kingamwili za dundumio hupimwa ili kuutambua ugonjwa mara ya kwanza. Kuzipima tena na tena hakuna faida kubwa, kwani kiwango chake hakielezi sababu ya koo kubana leo. Kipimo cha wingi wa damu nacho chafaa.

Hatua ya nne ni picha ya ultrasaundi, ambayo hutumia mawimbi ya sauti yasiyosikika na haina mionzi ya kudhuru. Picha hii huonyesha ukubwa wa tezi, hali ya nyama yake, vinundu vyake na tezi limfu zilizo jirani. Hapa yahitajika tahadhari: ultrasaundi huona mambo madogo mengi ambayo hayana madhara. Vinundu vya dundumio ni vya kawaida sana kwa watu wazima, na kadiri ya 9 katika kila 10 si saratani. Vilevile kwa mwenye Hashimoto tezi limfu ndogo karibu na dundumio huvimba mara nyingi kwa sababu ya ugonjwa wenyewe.

Hatua ya tano huchukuliwa pale tu picha inapotia shaka. Nayo ni kuingiza sindano nyembamba katika kinundu au tezi limfu na kunyonya chembechembe chache ili zitazamwe kwa hadubini. Watu wengi huiogopa sindano hii kwa kudhani kwamba hueneza saratani. Hofu hiyo haina msingi wa kuwafanya wakatae kipimo. Sindano hii huweza kumwepusha mgonjwa na upasuaji usio wa lazima.

Sababu zilizo nje ya dundumio

Iwapo tezi si kubwa na TSH ni ya kawaida, uchunguzi haujaisha. Ndiyo kwanza umegeuza njia. Katika Afrika Mashariki kuna sababu kadhaa zisizofaa kusahauliwa.

Ya kwanza ni kifua kikuu cha tezi limfu. Uvimbe huwa ubavuni mwa shingo, mara nyingi hauumi, na tezi kadhaa huweza kushikamana. Mgonjwa huweza kukonda na kutoka jasho usiku. Dalili hizi mbili hufanana na za homoni kuzidi, hivyo mtu anayemeza levothairoksini huweza kudhaniwa kwamba dawa imemzidia. Kifua kikuu hutibika kabisa kikitambuliwa. Virusi vya UKIMWI navyo huvimbisha tezi limfu, kwa hiyo kupima ni sehemu ya uchunguzi.

Ya pili ni saratani ya umio. Ugonjwa huu umeenea zaidi katika ukanda unaopita mashariki mwa Afrika, Tanzania ikiwemo. Dalili yake ina mpangilio: kwanza nyama na ugali hukwama, kisha vyakula laini, hatimaye hata maji, na mwili hukonda. Mgonjwa mwenye mpangilio huo hafai kuambiwa asubiri kwa sababu ana tezi. Apelekwe akachunguzwe umio kwa kamera maalumu ipitishwayo mdomoni.

Ya tatu ni tindikali ya tumbo kupanda kooni. Hii ni sababu ya kawaida mno. Mgonjwa huhisi donge kooni, hukohoa usiku, au huamka na sauti iliyokwaruza. Tofauti na saratani ya umio, donge hili husikika zaidi anapomeza mate kuliko anapokula. Wasiwasi na huzuni huweza kulizidisha, lakini mtu asiambiwe kwamba "ni mawazo tu" kabla hajapimwa.

Ya nne ni misuli na pingili za shingo. Anayejitwika ndoo ya maji kichwani, au anayeinama shambani kutwa, misuli yake huchoka na kukaza. Kupungua kwa thairoksini nako huifanya misuli iwe mizito na yenye kuuma. Ya tano ni moyo: kwa mtu wa makamo au mzee, mbano unaopanda kutoka kifuani hadi shingoni anapotembea na kutulia anapopumzika, huenda ukawa ni moyo unaokosa damu ya kutosha. Hatari hii yahitaji uangalifu zaidi anapoanzishiwa thairoksini.

Kuna pia uvimbe wa dundumio wenye maumivu makali yanayopanda mpaka taya na sikio, ambao mara nyingi hutokea baada ya mafua na hupoa wenyewe kwa majuma kadhaa.

Kidonge na saa yake

Tiba ya upungufu wa homoni ina historia ndefu. Mwaka 1891 George Murray wa Uingereza alimdunga mgonjwa majimaji ya dundumio ya kondoo, na mwanamke huyo akaishi miaka 28 zaidi. Siku hizi thairoksini hutengenezwa viwandani, na kidonge kimoja kwa siku hutosha. Lakini kidonge hiki kina masharti. Humezwa kwa maji tumbo likiwa tupu, kadiri ya nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma, na vile vya chokaa, huinasa thairoksini tumboni isiingie mwilini. Yapasa kupishana kwa saa 4. Mama mjamzito, ambaye hupewa vidonge vya chuma kliniki, ndiye wa kuangaliwa zaidi, kwani ubongo wa mtoto aliye tumboni hutegemea homoni ya mama.

Kila dozi inapobadilishwa, TSH hupimwa tena baada ya majuma 6 hadi 8. Kupima kabla ya hapo hupotosha, kwa kuwa thairoksini hudumu siku nyingi katika damu na pituitari huchelewa kutulia.

Dalili zisizongoja

Dalili zifuatazo hazifai kungoja miadi: kupumua kwa sauti ya mluzi au kukosa pumzi, kushindwa kumeza hata mate, uvimbe unaokua kwa siku au majuma machache, sauti iliyokwaruza kupita majuma 3, kinundu kigumu kilichoganda mahali pamoja, na tezi limfu zinazoendelea kukua. Kwa mwenye Hashimoto wa miaka mingi, rovu linalokua upesi huweza kuashiria limfoma ya dundumio. Saratani hii ni adimu, lakini ikiwahiwa mara nyingi hutibika kwa dawa na mionzi. Mwenye dalili hizi apelekwe bila kuchelewa katika hospitali ya rufaa, kama vile Kitete iliyoko Tabora mjini au Bugando iliyoko Mwanza.

Kuhusu kuikata tezi, upasuaji una mahali pake: rovu linalobana bomba la hewa, kinundu chenye shaka ya saratani, na baadhi ya wagonjwa wa Graves. Mwaka 2019 watafiti wa Norway walitoa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 150 wa Hashimoto waliobaki na uchovu ijapokuwa homoni zao zilikuwa sawa. Waliopasuliwa walipata nafuu kuliko waliotibiwa kwa vidonge pekee, lakini baadhi yao walipata madhara ya upasuaji. Kwa hiyo kisu si njia ya kukimbilia. Neva za sauti ziko karibu, na baada ya tezi kutolewa yote kidonge huwa ni cha lazima maisha yote.

Mzigo unatuliwaje?

Katika mfano wetu, mama wa Tura alipoulizwa vizuri ilibainika kwamba tangu miezi 4 alikuwa akimeza vidonge vya kuongeza damu pamoja na levothairoksini, vyote kwa mkupuo mmoja na chai ya maziwa. TSH yake ilikuwa imepanda hadi 14, ilhali kawaida haizidi 4 hivi. Ultrasaundi ilionyesha tezi iliyovimba kiasi, isiyobana bomba la hewa, na kinundu cha milimita 8 kisicho na alama ya hatari. Hakukuwa na kifua kikuu, na chakula kilipita umioni bila kukwama. Dawa zilitenganishwa saa, na baada ya majuma 8 TSH ilirudi mahali pake. Mbano wa mchana ulipungua. Ule wa usiku ulibaki, nao ukatulia alipoanza kula mapema na kutibiwa kiungulia.

Basi shingo moja ilikuwa na sababu mbili, na hakuna hata moja iliyohitaji kisu. Kama angeambiwa "ni tezi ile ile", asingekosewa sana, lakini pia asingepona. Na kama sababu ingekuwa kifua kikuu au saratani ya umio, jibu hilo hilo lingempotezea miezi ambayo hairudi. Mwenye ugonjwa wa dundumio anapopata dalili mpya ana haki ya kuchunguzwa upya tangu mwanzo. Naye ana wajibu wa kumweleza mganga dawa zote anazotumia na saa anazozimeza. Usipoziba ufa utajenga ukuta.